Mwanga Upo, Umbali Haujulikani: Marubani na Taa za Ajabu Angani



Usiku wa kuamkia tarehe 14 Januari 2011, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa juu ya Bahari ya Atlantiki, futi 35,000, ikitoka Toronto kwenda Zurich. Rubani msaidizi alikuwa amejipumzisha kitini mwake. Usingizi wa namna hiyo unaruhusiwa katika safari ndefu mradi uwe mfupi. Yeye ulimpitia dakika 75. Alipozinduka, mang'amung'amu hayajamtoka, kapteni akamweleza kwamba kuna ndege ya mizigo ya Jeshi la Anga la Marekani inakuja kutoka mbele, futi 1,000 chini yao. Akatupa macho nje, akaona taa kali, akadhani ndiyo hiyo. Kumbe ni Zuhura. Kapteni akamsahihisha: ndege iko mbele yetu na iko chini. Akaitafuta, akaiona, ila sasa akaiona iko juu yao na inawashukia. Akausukuma usukani mbele kwa nguvu. Ndege ikainamisha pua, kapteni akaivuta juu, na katika sekunde 46 ilikuwa imeshuka futi 400 chini ya kimo chake na kupanda futi 400 juu ya kimo hichohicho. Abiria 14 na wahudumu wawili waliumia. Waliorushwa kutoka vitini ni wale ambao hawakufunga mikanda.

Magazeti yakaandika kwamba rubani amekimbia sayari. Habari tamu, lakini ripoti ya wachunguzi wa Kanada ina uzito zaidi ya hapo. Macho ya mtu huyu yalimdanganya mara mbili. Mara ya kwanza taa iliyokuwa umbali wa kilomita milioni 100 hivi aliiona iko karibu. Mara ya pili taa iliyokuwa karibu kweli, yenye ndege kamili nyuma yake, aliiona mahali ambapo haikuwa. Na huyu si mtu wa kubahatisha. Ana leseni, amepimwa macho, amerusha ndege usiku kwa miaka.

Najua wapo waliokuja jioni hii kusikia habari za wageni kutoka dunia nyingine. Hao mimi sijawahi kupata barua yao. Nitakachozungumza ni jambo moja: rubani anapokwambia, "Niliona taa," mwamini. Anapokwambia, "Ilikuwa maili tatu kutoka kwetu," muulize amejuaje. Kwa maana ukubwa wa kitu, mwendo wake na hatari yake vyote vinaning'inia kwenye huo umbali, na umbali wa taa gizani jicho halina namna ya kuupima.

Tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Mchana ni kweli. Ukiona basi barabarani unajua liko mbali kiasi gani kwa sababu unajua ukubwa wa basi. Ukiona ng'ombe mlimani, hali kadhalika. Usiku taa ni nukta tu. Macho mawili yanasaidiana kupima umbali wa kikombe mezani au wa mpira uwanjani, lakini kitu kikishafika mbali yote mawili yanaona picha ileile, basi msaada umekwisha. Taa hafifu ya karibu na taa kali ya mbali zinafanana kabisa.

Tufanye hesabu kidogo. Nimeahidiwa kwamba ubao huu unafanya kazi. Chukueni taa inayokata nyuzi 10 za anga kwa sekunde moja. Kama iko kilomita moja kutoka kwako, inakwenda kama mita 175 kwa sekunde, yaani kilomita 630 kwa saa. Hiyo ni ndege ya kawaida. Taa hiyohiyo, kwa mwendo uleule machoni pako, kama iko kilomita 100 kutoka kwako, inakwenda zaidi ya kilomita 62,000 kwa saa. Hicho ni kimondo. Sasa chukueni rubani aliyeona kimondo cha umbali wa kilomita 100, akadhani kiko kilomita moja. Ataandika kwamba chombo chenye mwendo wa ndege kimempita ubavuni. Hajasema uongo hata neno moja, na bado taarifa nzima imepinda kwa sababu ya tarakimu moja aliyoibuni bila kujua.

Ongezeni hapo jambo ambalo Alexander von Humboldt aliliona mwaka 1799 akiwa mlimani Tenerife: nyota, ukiikodolea macho, huanza kuyumba. Nyota haijatikisika. Ni macho yako ndiyo hayatulii, na gizani hakuna kitu cha pembeni cha kuyashikilia. Marubani hufundishwa habari hii darasani, kwamba taa moja pweke itaanza kutembea baada ya sekunde chache tu, na dawa yake ni kutoikazia macho. Wanafunzi hujibu vizuri sana kwenye mtihani. Halafu usiku mmoja juu ya bahari taa inatembea, na mtihani unasahaulika.

Hapa kwetu tunayo habari yetu. Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya East African Airways aina ya Lodestar ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Upande wa Kilimanjaro, kapteni wake, Bicknell, na wenzake waliona kitu cheupe king'aacho kimening'inia juu ya mlima, mfano wa risasi au sigara nene, kimetulia tuli. Walikitazama dakika kadhaa, abiria nao wakakitazama, kisha kikaondoka. Habari hii imezunguka dunia nzima katika vitabu vya wapenda mambo hayo, na kila kitabu kinatoa urefu wa chombo hicho kwa futi. Nami kila nikisoma najiuliza: futi hizo walizipima kwa kamba gani? Walijua kitu kilichukua nafasi kiasi gani machoni. Urefu wenyewe ulitokana na kudhani kwamba kiko juu ya kilele, na si mbele yake wala nyuma yake.

Mimi ningeanza uchunguzi wangu kwenye upepo. Mlima mkubwa uliosimama peke yake hukata upepo, na upepo huo ukipanda na kushuka upande wa pili huumba mawingu laini yenye kingo kali, mfano wa sahani au lenzi, yanayosimama mahali pamoja dakika nyingi huku hewa ikipita ndani yake. Jua la saa moja asubuhi likiyapiga kwa chini yanang'aa kama bati jipya. Wachaga wanayajua mawingu hayo vizuri kuliko mimi. Siapi kwamba ndicho alichokiona Bicknell, na puto nalo lisisahaulike. Ninachosema ni kwamba kitu kinachokaa juu ya mlima bila kusogea kina tabia ya wingu kabla ya kuwa na tabia ya chombo.

Nimesema rubani mwaminini kwa habari ya taa. Kwa habari ya umbo, ngojeni kidogo.

Tarehe 24 Julai 1948, karibu saa tisa usiku, marubani Chiles na Whitted wa Eastern Air Lines walikuwa na ndege aina ya DC-3 karibu na Montgomery, jimbo la Alabama. Ghafla mbele yao kikatokea chombo kinachowaka, kikawapita upande wa kulia, kikapanda kikapotea. Sekunde kumi hivi, au zaidi kidogo. Walipotua walichora picha: mwili mrefu kama sigara, hauna mabawa, una mistari ya madirisha yanayong'aa na moto nyuma. Madirisha! Wanaume wawili, wenye uzoefu wa vita, wote wanasema madirisha. Ndani ya ndege alikuwepo abiria mmoja tu aliyekuwa macho. Yeye aliona mstari wa mwanga ukipita. Basi.

Kwa miaka ishirini kesi hiyo ilikuwa mfupa mgumu. Halafu tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi ya Kisovieti iliyorusha chombo cha Zond 4 yaliingia kwenye angahewa yakawaka juu ya Marekani, na watu wa majimbo kadhaa wakayaona. Kwa bahati wakati huohuo Chuo Kikuu cha Colorado kilikuwa kinafanya utafiti wa mambo haya kwa fedha za Jeshi la Anga, na mwanaastronomia William Hartmann akakaa na barua za mashahidi. Hapa ndipo palipo na utamu. Kilichopita kilijulikana: vipande vya chuma vinavyoungua, vimefuatana kwa mstari, makumi ya kilomita juu. Mashahidi wengi waliandika hivyohivyo, mipira ya moto inayofuatana. Lakini wachache, tena watu wasomi na wa kuheshimika, waliandika kwamba wameona chombo kimoja, umbo la sigara, chenye madirisha ya mraba yanayotoa mwanga, na kimepita chini chini.

Mnaona kilichotokea? Taa kadhaa zikienda pamoja kwa mstari kwenye giza, akili haikubali kuziacha ziwe taa. Inazifunga pamoja kwa mwili mweusi ambao haupo, na mwili ukishapatikana, zile taa zinageuka kuwa madirisha. Ukiisoma michoro ya Chiles na Whitted baada ya kusoma barua za Zond, mfupa ule hauonekani tena kuwa mgumu. Kimondo kikubwa kinachokatika vipande kinatosha, na ndiko Jeshi la Anga lilikoishia. J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyelishauri jeshi hilo kwa miaka mingi na ambaye mwishoni aliwahurumia mashahidi kuliko wengi wetu, alikiri kwa mshangao kwamba marubani si mashahidi bora kuliko watu wengine katika jambo hili. Nadhani sababu yake ni ya heshima. Kazi ya rubani si kutambua taa. Kazi yake ni kutogongana nayo. Kila kitu kisichojulikana lazima kwanza akione kama ndege inayomjia, na akikosea kwa upande huo anabaki hai.

Sasa niwageukie wale wanaonishangilia sana, wanaotaka niseme kila taa ni Zuhura na twende nyumbani. Tarehe 7 Januari 1948, kapteni Thomas Mantell, kijana wa miaka 25, alikuwa na ndege za kivita aina ya P-51 juu ya Kentucky alipoombwa akatazame kitu cheupe kilichoonekana mchana kweupe kutoka kituo cha jeshi. Akakifuata kwenda juu. Ndege yake haikuwa na hewa ya oksijeni. Inaelekea alizimia, na ndege ikaanguka, akafa. Maelezo ya kwanza yaliyotolewa kwa wananchi: alikuwa anakimbiza Zuhura. Mchana! Zuhura mchana huonekana kwa taabu na kwa mtu anayejua pa kuitafuta, nayo ni chembe tu. Baadaye ilibainika kwamba wakati huo Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa linarusha maputo makubwa ya siri yaitwayo Skyhook, upana wa mita 30, yanayopanda juu kuliko P-51 yoyote ingeweza kufika, na puto kama hilo ndilo linaloafikiana na alichokiona. Mantell hakuambiwa, na waliokuwa wanamwongoza kutoka chini hawakuambiwa pia. Uvumi uliozuka baada ya hapo ulipandwa na wakubwa wenyewe. Maelezo ya haraka haraka yanayotolewa ili watu wanyamaze huwa mabaya kuliko ukimya, kwa sababu siku yanapobomoka hakuna atakayesikiliza yale ya kweli.

Maelezo mazuri yana saa na mwelekeo. Chukueni taa zinazowasumbua marubani wa siku hizi. Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX ilipoanza kurusha setilaiti za Starlink, 60 kwa mpigo, marubani wa safari za usiku wameanza kuripoti taa zinazowaka, zinazidi kung'aa, zinazimika, zinawaka tena, kana kwamba ndege kadhaa zinazunguka duara mbali sana karibu na upeo wa macho. Usiku wa tarehe 10 Agosti 2022 marubani wa ndege mbili za abiria juu ya Pasifiki walizipiga picha, na watafiti walipochukua saa, mahali pa ndege na pembe ya picha wakazilinganisha na njia za setilaiti, zikaangukia kwenye kundi la Starlink lililorushwa siku hiyohiyo. Mambo yenyewe ni haya. Jua limeshazama chini sana, kwetu ni usiku wa manane, lakini setilaiti iliyo kilomita mamia juu bado inalipata. Tumbo lake bapa linarudisha mwanga kwa pembe moja tu, na pembe hiyo inakutana na macho yako pale chini karibu na upeo, upande ule jua liliko. Setilaiti ikiingia eneo hilo inawaka, ikitoka inazima, na ya nyuma yake inachukua nafasi. Wewe unaona taa moja inayokwenda na kurudi, kumbe ni msururu. Aliye chini ana miti, vumbi na mawingu; aliye futi 38,000 ana anga safi hadi ukingoni, ndiyo maana wanaoona sana ni marubani. Setilaiti hizo sasa zimepita 7,000. Zoeeni.

Vyuma vinavyoanguka navyo si hadithi za Marekani tu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi.

Na kuna taa zinazotoka chini. Hili nawaambia hasa ninyi mtakaorusha ndege ndogo Mwanza, Bukoba au Kigoma. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai, sasa taa za betri na sola, na hupenda giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Maana yake usiku ambao ziwa lina taa nyingi kuliko zote ndio usiku ambao anga ni jeusi kuliko zote. Hapo taa za mitumbwi zinaonekana kama nyota, na mstari kati ya maji na mbingu unatoweka. Rubani anayeamini macho anaweza kuinamisha bawa moja ili lilingane na upeo wa uongo uliochorwa na wavuvi. Amini mita zako za ndani ya chumba cha rubani. Hazijawahi kuona mzimu.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadhulumu marubani, kwa kuwa yako mambo waliyoyaona wao kwanza tukawacheka. Kwa miaka mingi marubani walisimulia kwamba juu ya mawingu ya radi, upande wa juu ambako umeme hautarajiwi, waliona mimweko ikipanda kuelekea angani, mingine myekundu, mingine ya buluu. C. T. R. Wilson, mwanafizikia wa Scotland, alikuwa ameandika miaka ya 1920 kwamba kimahesabu jambo hilo linawezekana. Hakuna aliyelishughulikia sana. Wengi wa marubani hao waliacha kusimulia. Ndipo usiku mmoja wa Julai 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiijaribu kamera ya mwanga hafifu kwa kazi nyingine kabisa, wakanasa nguzo mbili za mwanga juu ya radi ya mbali. Miaka ya 1990 ndege za utafiti zikatumwa kuitafuta mimweko hiyo, na ikapatikana kwa wingi: mimweko myekundu inayotokea kati ya kilomita 50 na 90 juu, ikidumu sehemu ndogo mno ya sekunde. Leo huitwa spraiti na ina wataalamu wake. Sisi tuko jirani na viwanda vikubwa vya radi duniani, Kongo ya mashariki na Ziwa Victoria, ambako maji ya vuguvugu na upepo wa nchi kavu unaokutana katikati ya ziwa huumba mawingu mazito usiku. Rubani wa Entebbe au Kisumu akiniambia ameona mzizi mwekundu juu ya wingu, sitamcheka. Nitamuuliza saa ngapi.

Taa nyingine ni onyo. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa karibu na kisiwa cha Java ikitoka Kuala Lumpur kwenda Perth. Kioo cha mbele kikaanza kumetameta, na injini zikawa zinang'aa kana kwamba zimewashwa taa ndani. Mabaharia wa zamani waliuona mwanga wa jinsi hiyo kwenye ncha za milingoti wakauita moto wa Mtakatifu Elmo: chaji za umeme zinazovujia hewani kutoka kwenye ncha. Kwa kawaida huashiria radi karibu. Lakini rada ya hali ya hewa haikuonyesha wingu lolote. Waliloingia ni wingu la majivu ya volkano ya Galunggung, makavu, yasiyoonekana kwenye rada, na msuguano wake ndio uliokuwa unaichaji ndege. Injini zote nne zikazima. Kapteni Eric Moody na wenzake wakaelea kutoka futi 37,000 hadi kiasi cha futi 13,500 ndipo zikawaka tena, wakatua Jakarta huku kioo kimekwaruzwa hakionyeshi kitu. Sisi tunaoishi na volkano ya Nyamulagira upande mmoja na ya Ol Doinyo Lengai upande mwingine tusiifanye habari hii kuwa ya Waindonesia.

Kinachotukwamisha ni aibu. Rubani anaona kitu, anajua akiandika atataniwa kantini, na pengine atarudishwa kwa daktari, basi ananyamaza. Wafaransa walilitatua tatizo hili kwa njia ya kiofisi: tangu 1977 shirika lao la anga lina kitengo kidogo pale Toulouse kinachopokea taarifa hizi, kuzichunguza na kuzitangaza. NASA nayo, katika ripoti ya Septemba 2023, ilisema haikupata ushahidi wa wageni, lakini ikapendekeza marubani watumie mfumo uleule wa kuripoti mambo ya usalama, ambao humlinda mtoa taarifa. Sioni kwa nini mamlaka zetu za usafiri wa anga zisiongeze ukurasa mmoja kwenye fomu zilizopo.

Na ukurasa huo uwe na nini? Saa, kwa dakika, kwa wakati wa dunia na si wa nyumbani. Mahali pa ndege na pua inaelekea wapi. Taa iko upande gani wa pua, na iko juu ya upeo kiasi gani. Ukinyoosha mkono, ngumi yako ni nyuzi 10 hivi, hiyo inatosha. Ilidumu muda gani, na uuhesabu kwa saa, kwani hofu hurefusha sekunde. Nafasi ya kuandika ukubwa na umbali ningeiacha nje kabisa, maana ikiwepo mtu ataijaza. Na kama una simu mkononi na mwenzako ndiye anayerusha, piga picha, ila hakikisha fremu ya dirisha au ncha ya bawa imeingia ndani yake. Picha ya nukta nyeupe peke yake kwenye weusi tunazo za kutosha.

Karibuni kwa maswali. Yule wa suti ya kijivu aliyeinua mkono tangu nilipotaja Zuhura, tuanze na wewe.